Mtu wa Nyuma Haoni Dashibodi

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA AJALI ZA BARABARANI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye jalada. Nyumbani na kazini huitwa Mama Foronya.
Umri: miaka 37
Kazi: fundi cherehani, hushona vitambaa vya makochi na viti vya magari
Makazi: nyumbani kwa baba mkwe wake, nyuma ya soko la mbao
Tarehe na saa: tarehe 13, saa nne asubuhi
Kuhusu: ajali ya tarehe 11 kwenye mlima wa hospitali, na tuhuma za wizi wa mafuta dhidi ya shemeji yake, ambaye yuko mahabusu

Mimi niliyeelezwa hapo juu nimekuja kwa miguu yangu na ninasema kwa hiari yangu. Nimeambiwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Afande pia ameniambia nieleze niliyoyaona na kuyasikia, methali niziache nyumbani. Nitajaribu.

Naishi kwa baba mkwe wangu tangu nilipoolewa. Tuko watu wazima watano. Baba mkwe ni mpima ardhi mstaafu na ndiye mwenye gari. Yupo Mama mkwe. Yupo mume wangu, mtoto wao wa kwanza, karani katika bohari ya vifaa vya ujenzi. Yupo shemeji yangu, kitinda mimba wao, fundi wa redio na televisheni. Na mimi. Nashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyo, kinachotazama barabara. Nakitaja mapema kwa sababu nitakirudia.

Gari lenyewe lina umri mkubwa kuliko shemeji. Lilikuwa na rangi ya bluu inayokaribia kijani, kwa hiyo tunaliita Tausi, ingawa siku hizi limebaki kuku wa kawaida. Milango yake ya nyuma haifunguki kwa ndani, vishikio vilikatika zamani. Kile kimkono cha kuzungushia vioo kimebaki kimoja kwa milango yote minne, na Baba hukiweka mfukoni mwake. Ukitaka hewa unaomba. Ukitaka kushuka unasubiri azunguke akufungulie. Yeye husema hiyo ni heshima kwa wanawake. Mama alishazoea. Mimi sikuzoea, lakini hakuna aliyeniuliza.

Geji ya mafuta ya Tausi ilikuwa inasema uongo, na sote tuliujua uongo wake. Mshale ukilala kwenye alama nyekundu, ndani ya tangi kulikuwa bado na karibu theluthi. Baba aliwafundisha wanawe, na hata mimi nisiyeendesha. Alikuwa akisema mshale huo ni mwoga, unalia njaa huku sahani bado ina chakula. Nyumbani kwetu hakuna aliyekwenda kuweka mafuta mpaka mshale ulale, na ukishalala Baba bado alikwenda mjini na kurudi, akitutazama kwenye kioo aone nani ameogopa. Fundi mmoja aliwahi kumwambia ni kasoro ndogo, itengenezwe. Baba alimjibu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo ni ya Baba, afande, si yangu.

Kuna jambo jingine la nyumba yetu ambalo lazima liandikwe. Neno la kwenda kwa Baba hupitia kwa mtoto wa kwanza. Shemeji akiwa na shida humwambia mume wangu, na mume wangu humwambia Baba. Mimi vivyo hivyo. Mama ndiye aliyepanga hivyo zamani, Baba alipokuwa akifanya kazi porini na kurudi amechoka, ili asisumbuliwe na kila mtu. Baba alistaafu. Utaratibu haukustaafu.

Mnamo tarehe 6, siku ya Jumamosi mchana, Baba alikuwa kwenye mkutano wa wastaafu wenzake, gari ameliacha nyumbani. Mama alikuwa amelala ndani, jicho limefungwa bandeji, kwani alikuwa ametoka kupasuliwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amelalamika tukimsikia kwamba ipo siku Tausi itatuacha njiani, na yeye haoni. Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomkaa shemeji. Alikuja chumbani kwangu akaniomba nikamtolee kiti cha nyuma cha gari bila kuacha alama. Kitambaa cha kiti hicho nilikishona mimi, najua kulabu zake zote. Nilikwenda. Hakunilazimisha.

Chini ya kiti kulikuwa na kifuniko cha bati, na chini ya kifuniko ndiko kuna tangi. Shemeji aliniweka kiti cha mbele, akanitaka nifungue swichi na kuutazama mshale. Alichomoa waya mmoja juu ya tangi akaugusisha kwenye bodi ya gari. Mshale uliruka mpaka mwisho. Akasema basi geji ya mbele ni nzima na waya unaokuja kwake ni mzima, ugonjwa uko nyuma. Tulizima swichi. Alinyonya petroli kwa mpira akaitia kwenye dumu, akafungua tangi na kutoa boya, lile linaloelea juu ya mafuta, likiwa kwenye mkono wake mwembamba. Alilipandisha na kulishusha huku akilipima kwa mita yake ya umeme. Boya nalo halikuwa na kosa. Ndipo alipoufuata waya wa pili, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, mpaka chini ya zulia, akakuta bolti imeliwa na kutu na waya umening'inia kwa nyuzi chache.

Aliniita nione. Akasema, "Shemeji, boya limekuwa likisema kweli miaka yote. Habari ilikuwa inapotea njiani."

Alisugua kutu kwa msasa, akautia waya kichwa kipya, akakaza bolti. Kisha alirudisha petroli tangini kidogo kidogo kwa jagi, nami nikisoma mshale kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Ulipanda sawasawa. Petroli yote ilirudi, na mshale ukasimama chini kidogo ya nusu. Nilirudisha kiti. Dumu halikubaki na kitu isipokuwa harufu. Dumu hilo ndilo lililokutwa chumbani kwa shemeji, na mikono yangu nayo ilinuka petroli siku ile kama yake.

Jioni hiyo mume wangu alipotoka kazini, shemeji alimsubiri getini. Nilikuwepo, nimeshika ndoo ya maji. Shemeji alimwambia, "Kaka, geji imepona. Sasa nyekundu ni tupu kweli. Mwambie Baba kabla hajaendesha." Mume wangu alimgombeza kwa kulifungua gari bila ruhusa, na alikuwa na haki ya kumgombeza. Baadaye akatulia, akasema atamwambia. Shemeji alilala na amani. Alfajiri ya Jumapili aliondoka kwenda mji mwingine kufunga antena, na alirudi Jumatano jioni.

Jumapili hiyo asubuhi tulikuwa mezani tukinywa chai. Baba alitoka kwenda kuwasha gari, kama afanyavyo kila Jumapili, akarudi anatabasamu. Jana yake mshale ulikuwa jirani na nyekundu, sasa ameukuta karibu na nusu. Aliuliza nani ameweka mafuta. Nilimtazama mume wangu. Nilijua mlango umefunguliwa kwa nje, ni yeye tu kushuka. Alimeza chai, akasema, "Mimi, Baba."

Baba alimwekea mkono begani. Akasema, "Sasa umekuwa mtu mzima." Mume wangu ana mvi za kwanza kichwani, lakini mbele ya Baba huwa anakunja mikono kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa ubaoni, na sijawahi kuuona mkono ule begani kwake isipokuwa siku ya harusi yetu. Nilimwonea huruma. Pia nilimwonea aibu. Sitaki iandikwe kwamba ni mtu mbaya. Ni mtu aliyeshukuriwa kwa kitu asichokifanya, akashindwa kurudisha shukrani.

Nilimfuata chumbani nikamwambia akaseme kabla siku haijaisha. Akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Siku hizo Baba alikwenda mjini na gari kila siku, na hakuna aliyeongeza mafuta. Shemeji aliporudi Jumatano aliniuliza kama Baba ameambiwa, nikamwambia akamuulize kaka yake. Alimuuliza mbele yangu. Mume wangu alijibu, "Imeisha hiyo," na shemeji akaamini imeisha.

Afande ameniuliza kwa nini mimi mwenyewe sikumwambia Baba siku zote hizo. Nimemjibu kwamba chumba ninachoshonea ni cha Baba, kitanda ninacholalia ni cha Baba, na hata hewa ndani ya gari lake naiomba. Na kumwambia Baba ilikuwa ni kumwambia kwamba mwanawe amemdanganya mezani. Si jibu zuri, lakini ndilo nililonalo.

Mnamo tarehe 11, siku ya Alhamisi, yapata saa tatu asubuhi, tuliondoka kumpeleka Mama hospitali akafunguliwe bandeji. Shemeji alikuwa kazini kwake. Baba aliendesha. Mume wangu alikaa mbele. Mama alikaa nyuma upande wa kushoto aegemee mlango, nami nikakaa katikati ili nimshike. Naomba hilo liandikwe vizuri: nilikaa katikati. Baina ya mabega mawili ya mbele nilikuwa naiona dashibodi yote. Baba alipofungua swichi, mshale ulinyanyuka kidogo tu ukarudi, ukalala kwenye nyekundu. Nilimtazama mume wangu shingoni. Alikuwa anatazama nje dirishani, na dirishani hapakuwa na kitu ila ukuta wetu.

Tulipita soko la mbao, tukazunguka mzunguko, tukafika chini ya mlima wa hospitali. Pale kuna kituo cha mafuta, mkono wa kushoto. Hapakuwa na foleni. Nilisema, "Baba, hapa kuna kituo. Tuweke mafuta, geji ilitengenezwa."

Mume wangu, bila kugeuka, akasema, "Mwache Baba aendeshe."

Baba alinitazama kwenye kioo. Akasema, "Nimeishi na mshale huu kabla wewe hujaishi na mwanangu."

Mama alinibonyeza goti. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiambia nyamaza au ananiambia endelea. Nikaendelea. Nikasema, "Baba, nyekundu sasa ni tupu." Alibadili gia tukaanza kupanda, na kituo nikakiona kikibaki nyuma kwenye kioo kilekile alichonitazamia. Ndani kulikuwa na joto na vioo vilikuwa vimefungwa. Sikuomba hewa.

Hatukufika nusu ya mlima. Injini ilikohoa, ikavuta kidogo, ikazimika. Baba alijaribu kuiwasha, ikaguna tu. Gari likaanza kurudi nyuma. Nilimwona akikanyaga breki kwa miguu yote miwili, na baadaye alisema pedali ilikuwa ngumu kama jiwe kwa kuwa injini ilikuwa imezimika. Aliuvuta mkono wa breki, nao haukulishika gari. Mume wangu alishika usukani pamoja na Baba, kila mmoja akivutia kwake. Nyuma yetu upande wa kushoto, pembezoni mwa barabara, alikuwepo fundi baiskeli na benchi lake, amegeuzia mlima mgongo, amepindua baiskeli anaweka tairi. Niligeuka nikamwona kupitia kioo cha dirisha la nyuma. Nilipiga kioo kwa ngumi na kumwita. Kioo kilikuwa kimefungwa, hakunisikia.

Tulimgonga. Gari lilimbana mguu kwenye benchi, kisha likaingia mtaroni na kulala kwa ubavu upande wa Mama, mlango wake ukabanwa na ukingo wa mtaro. Baba na mume wangu walitokea mlango wa mbele wa kulia, wakakimbilia kwa fundi baiskeli, na walifanya vizuri kumkimbilia kwa sababu alikuwa analia. Mimi na Mama tulibaki. Mlango wangu ulikuwa juu, hauna kishikio ndani. Mama alikuwa chini yangu, bega lake limetoka mahali pake, hasemi kitu. Nilinusa nikitafuta harufu ya petroli, kwa kuogopa moto. Hapakuwa na harufu yoyote. Hapo nilijua tangi lilikuwa kavu kabisa.

Nilipiga mlango. Niliita "Baba," nikaita jina la mume wangu. Walikuwa hatua chache tu kutoka kwangu na nilikuwa nawaona miguu. Sijui ilichukua muda gani, mimi niliuona mrefu. Aliyetufungulia ni muuza mayai aliyekuwa anapita. Aliweka trei zake chini katikati ya barabara, akapanda juu ya gari, akavuta mlango. Naomba naye ashukuriwe, maana mayai yake yalikanyagwa na watu.

Mama na fundi baiskeli walipelekwa hospitali kwa gari la mtu. Baba alirudi kwenye Tausi, akaingiza mkono akafungua swichi na kuutazama mshale. Ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Alisema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba mshale ukilala pale kuna theluthi ya tangi, na juu ya hiyo mwanawe mkubwa alishaongeza mafuta. Akauliza mafuta yake yamekwenda wapi. Mume wangu alikuwa amesimama karibu naye. Hakusema kitu.

Siku hiyohiyo jioni Baba alikuja nyumbani na askari wawili. Jirani alikuwa amemwambia kwamba Jumamosi ile alimwona shemeji ananyonya petroli kwa mpira. Jirani hakudanganya, aliona hivyo. Dumu likakutwa chumbani linanuka. Shemeji alieleza yote kama nilivyoeleza mimi, akasema alimwambia kaka yake. Askari mmoja akamgeukia mume wangu na kumuuliza. Mume wangu akasema, "Mimi sijaambiwa kitu."

Shemeji alimtazama. Kisha akasema, "Kama kaka anasema hajaambiwa, basi hajaambiwa." Akanyoosha mikono afungwe. Tangu hapo, nasikia, hajasema neno jingine hapa kituoni. Nililia jikoni na hakuna aliyekuja kuniuliza nalilia nini.

Leo asubuhi tulikuja hapa watatu kwa miguu, Baba ametangulia mbele. Mume wangu alipunguza mwendo akaniambia, "Wewe ulikuwa nyuma. Mtu wa nyuma haoni dashibodi. Sema hivyo tu, basi." Hakunitisha. Aliniambia taratibu, kama mtu anayekufunga kifungo cha shingoni. Nilikuwa nafikiria cherehani yangu, ni nzito, na haipiti mlango wa chumba cha mbele mpaka ifunguliwe miguu.

Kwa hiyo naeleza. Shemeji hakuiba mafuta. Alichofanya ni kutengeneza geji, nami nilimsaidia. Alimwambia kaka yake nikisikia kwa masikio yangu. Mume wangu hakuweka mafuta yoyote. Na Baba nilimwambia mimi, pale chini ya mlima, mara mbili. Baba ameandikisha hapa kwamba hakuna mtu aliyemwambia. Mimi nasema nilimwambia, na sina shahidi mwingine ila Mama, aliye wodini, na mume wangu, aliyeko nje kwenye benchi.

Nina ombi moja. Afande amesema sheria inataka nisomewe maelezo haya kabla ya kutia sahihi. Naomba nisomewe kwa sauti, na mlango uachwe wazi. Baba naye yuko kwenye benchi hilo. Safari hii neno langu lisipitie kwa mtu.

Hayo ndiyo yangu, niliyoyaona kutoka pale nilipokaa. Nikirudi nyumbani nikakuta cherehani iko nje, bado ni hayohayo.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA ASKARI

Nimeandika maelezo haya mwenyewe, nikamsomea shahidi neno kwa neno, mlango wa ofisi ukiwa wazi kama alivyoomba. Amekiri kuwa ni sahihi na ametia sahihi mbele yangu saa sita kasorobo.

Nilipofika kwenye maelezo ya siku ya Jumapili, mume wa shahidi aliinuka kwenye benchi akaenda kusimama getini. Baba mkwe alibaki amekaa mpaka mwisho. Nilipomaliza alikuja mlangoni, amevua kofia, akasema bila kuulizwa na mtu: "Aliniambia. Pale kituo cha mafuta. Nilimsikia."

Nimempa kiti. Maelezo yake ya awali yanafutwa, mapya yanaandikwa kwenye karatasi nyingine. Mtuhumiwa ameitwa kutoka mahabusu.